Ng'ombe wa Filamu Yangu Hawajarudi

Admin, jina langu lifiche na la kampuni pia, maana Mpanda ni ndogo na watu wana midomo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mtayarishaji wa filamu. Kampuni tulianzisha wawili, mimi na mwanaume ninayeishi naye. Yeye anaongoza, mimi natafuta wadhamini, waigizaji, chakula, usafiri, kila kitu. Kwetu hajawahi kutoa mahari. Nikimkumbusha ananiambia, tumalize filamu moja kwanza mke wangu, halafu nakuja kwa baba yako. Nimeishi na maneno hayo tangu tunaazima kamera.

Filamu yenyewe tumeipigia Kasokola mwaka huu. Kuna sehemu ya kutoa mahari ya Kisukuma, na mimi kwa kiherehere changu sikutaka maigizo. Nikasema tutumie wazee wa kweli, waongee wanavyoongea siku zote, na binti wa hapo kijijini tuliyemchukua aigize bibi harusi aolewe mbele ya baba yake mzazi, nyumbani kwao. Ng'ombe tuliazima kwa baba mdogo wa mwenzangu. Siku ya kupiga, mwigizaji wa bwana harusi akatuangusha, simu hapokei. Nikamwambia mwenzangu, kwani wewe si Msukuma? Ingia wewe. Alikataa. Nikambembeleza mimi, kwa mdomo wangu huu.

Wazee wakauliza jina la bwana harusi, likatajwa lake. Ukoo ukatajwa wake. Ng'ombe wakaingia zizini. Vigelegele havikusikika vizuri, nikawaomba kina mama warudie.

Tulipotaka kuondoka na ng'ombe, baba wa binti akatuangalia kama tumelewa. Akasema, "Mwanangu, kuigiza mimi sijui. Mmeleta ng'ombe, wazee wamekaa, binti kaulizwa kakubali. Mnawarudisha kwa kosa gani alilofanya?"

Tukampigia baba mdogo aje atusaidie. Alikuja, wakaongea Kisukuma, akala, akashiba. Kisha akamwambia mwenzangu awaache wale ng'ombe, ni mali yake na ametoa kwa moyo. Huyo mzee hajawahi kunipenda, mimi mtoto wa mwenye duka wa mjini. Nimempa nafasi mwenyewe.

Nilijua mwenzangu atakataa. Akaniambia hawezi kumwaibisha baba wa watu, tumpe muda. Sasa kila Jumapili anaenda Kasokola, eti kutuliza mambo. Juzi karudi na kibuyu cha maziwa, kapewa na binti. Nikapikia chai, nikanywa. Maziwa mazuri jamani, siwezi kusema uongo. Nililia na kikombe mkononi.

Mhariri ni mimi pia. Kila siku namwona kwenye kompyuta anaulizwa kama anamtaka yule binti, anainama, anacheka. Kile kicheko nakijua, hakuigiza. Wadhamini wanasubiri, na bila sehemu ile hakuna filamu. Nikiionyesha filamu ilivyo, Mpanda nzima itaona anavyooa, na mwishoni litapita jina langu, mtayarishaji. Nikiifuta sehemu ile, kampuni imekufa, na ng'ombe bado wako zizini kwa watu.

Jana baba yangu kaniuliza kama filamu imeisha, maana anajua ikiisha tu mkwe wake anakuja. Nimemwambia bado. Nyie mnaosoma hapa, ingekuwa ni baba yenu mngemjibu nini?