Ukungu Nyuma ya Mama

Kaka yangu ni mpiga picha, na leo sitamsifu. Wengine watakuambia hana mpinzani mjini. Sawa. Miaka kumi na minane anapiga picha nje, bila studio wala pazia: maharusi, wahitimu, wazee wanaotaka picha ya kutundika sebuleni. Na miaka yote hiyo hulala chini. Kulala kabisa, tumbo kwenye vumbi, kamera inatazama juu.

"Ukimpiga mtu kutoka chini," husema, "hata kinyozi anakuwa waziri."

Kisha hufungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Mtu anaonekana hadi kope, na kila kilicho nyuma yake kinageuka ukungu. Pipa la taka, ukuta, kamba ya nguo, vyote kwaheri. Huo ukungu ndio fahari yake. Anaringa nao weee, utadhani kauumba yeye!

Mama anaishi kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba. Ubavuni kulikuwa na njia yenye upana wa hatua nne, kisha uzio wa mabati, kisha kwa jirani yetu muuza mbao. Njia hiyo ndiyo ya kwenda chooni na bombani nyuma ya nyumba, na ndiyo inayoingiza mwanga jikoni. Mwezi uliopita mama alikwenda kumuuguza mdogo wake siku tano. Aliporudi, mabati hayapo, na ukuta wa matofali umesimama unagusa dirisha lake la jikoni. Muuza mbao akatoka na mswaki mdomoni, hana haya wala hajui vibaya.

"Mama, mpaka umekuwa hapa siku zote."

Siku zote! Na wapangaji wake, waliokuwa wakianika nguo kwenye mabati yaleyale, hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Karatasi za kiwanja nazo zinataja uzio tu, hazitaji ni hatua ngapi.

Tukaenda ofisi ya mtaa. Afisa, mwanamke wa makamo, alitusikiliza vizuri. "Nileteeni picha moja inayoonyesha uzio ulikuwa wapi," akasema. "Moja tu, hata mbaya. Ukuta huo nitaamuru uvunjwe."

Kaka akacheka. "Picha? Hapo umefika kwa mwenyewe!"

Tukaweka kompyuta yake kwenye meza ya mama, tukatafuta kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mama na beseni, nyuma ukungu. Mama na mjukuu, ukungu wa kijivu. Mama siku ya mahafali yangu, kapigwa kutoka chini, nyuma yake mawingu matupu. Picha za mama zaidi ya mia tatu, uzio haumo hata katika moja! Kaka akaanza kutokwa jasho.

"Kulikuwa na ile niliyopiga mimi," nikasema. "Juu ya tangi."

Akaondoa mkono kwenye kompyuta, maana aliikumbuka. Mwaka juzi nilipanda juu ya tangi la maji na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikapiga ua mzima. Mama anasuuza nguo, njia ile pale, mabati yale pale na misumari yake, mpaka muuza mbao mwenyewe anachungulia kutoka upande wake. Kaka alipoiona alinicheka mbele ya wageni. "Hii siyo picha, hii ripoti ya polisi!" Akaninyang'anya simu eti anifundishe, akaifuta. Kwa kidole chake mwenyewe.

Basi nilimpa vidonge vyake, sikubakiza. Nikamwambia mchuma janga hula na wa kwao, lakini hili lako analila mama. Nikamwambia miaka yote hiyo alikuwa anafuta nyumba ya mama huku anatutaka tupige makofi. Akaendelea kufungua picha zilezile, na hilo likanizidishia hasira. Muuza mbao ni mwizi, wezi tunawajua. Huyu ni wetu, tumenyonya ziwa moja!

Kesho yake kaka akaichomoa sebuleni picha anayoipenda kuliko zote, ile kubwa ya mama kwenye fremu, akaipeleka ofisini, mimi na mama nyuma yake, akaomba angalau itazamwe. Afisa akaivuta karibu, akaisogeza mbali, akaipeleka dirishani.

"Umetoka vizuri sana, mama," akasema kwa upole, akampa mama picha.

Mama akaishika kwa mikono miwili. Akaitazama, kisha akamgeuzia kaka.

"Ni kweli nimetoka vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini hapa nimesimama wapi?"

Afisa akafunga jalada letu. Tukarudi nyumbani, mama akachukua ndoo yake, akatoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba tatu kwenda kuteka maji kwenye bomba lake mwenyewe.