Fedha ya Marehemu Kwenye Akaunti Yangu

Kaka yangu alipofariki, kikao cha ukoo kilinichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi yake. Hawakunichagua kwa upole, maana sina. Walinichagua kwa sababu nanunua mahindi vijijini na kuyauza Sumbawanga mjini, na hakuna mkulima aliyewahi kusema nimempunja hata debe. Marehemu aliacha mjane, watoto wawili na mashine ya kusaga nafaka kule Namanyere. Tulikubaliana mashine iuzwe, na fedha yake imnunulie wifi yangu nyumba ndogo, kwa kuwa walikuwa wamepanga na kodi ilikuwa inakaribia kuisha.

Karani wa mahakama ya mwanzo aliniambia nifungue akaunti ya mirathi peke yake. Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," nikatoka nje nikasonya. Akaunti nyingine ya nini, na makato yake? Ghalani kwangu mahindi ya watu kumi humwagwa kwenye lundo moja, na kila mtu huondoka na idadi ya magunia yake. Fedha ya mashine nikaiweka kwenye akaunti yangu ya biashara, nikaandika kila shilingi kwenye daftari. Nilijiona mwerevu kuliko karani.

Nilichokipuuza ni mkopo wangu. Nilikuwa nimekopa benki kununua mahindi, bei ikaanguka, nikaamua kuyashikilia ghalani mpaka ipande. Marejesho ya miezi mitatu sikuyapeleka.

Asubuhi moja wifi alinipigia simu. Mwenye nyumba aliyokuwa ameipata ya kununua alikuwa amempa mpaka Ijumaa awe amelipa, kwani alikuwa na mnunuzi mwingine.

"Wifi, mimi nimeshafunga vyombo," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha.

Nikaenda benki bila wasiwasi wowote. Binti wa dirishani alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta. Benki ilikuwa imekata deni langu lote lililochelewa. Kilichobaki hakikufika hata nusu ya bei ya nyumba. Nilimfokea yule binti mpaka mlinzi akasogea. Nikamwambia ile ni fedha ya yatima.

"Mama," alinijibu kwa adabu, "akaunti hii ina jina moja tu, lako."

Wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Hii iliisha huku daftari nimelikumbatia.

Ijumaa ikapita. Jumatatu wifi akaenda mahakamani, nami nikaitwa. Nilimchukia siku zile, nakiri. Tulikaa benchi moja bila kusalimiana. Hakimu alikuwa kijana, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alilipekua daftari langu taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Hesabu ni safi," alisema. "Sasa nionyeshe, fedha ya watoto ni ipi?"

"Mheshimiwa, imo humo humo, imechanganyika na yangu."

"Wewe ni mtu wa mahindi. Dumuzi akiingia kwenye lundo, anakula ya nani?"

Alilifunga daftari, akanirudishia.

"Sisemi umeiba. Lakini ulipoichanganya na yako, deni lako likaikuta. Nakupa siku thelathini uirudishe yote. Ukishindwa nakuvua usimamizi, na unaweza kujikuta na kesi ya jinai."

Niliuza mahindi yote kwa bei ya kutupa. Kila lori lilipoondoka nilihesabu siku zilizobaki, na usingizi sikuupata. Siku mbili kabla ya mwisho, fedha ikatimia kwenye akaunti ya mirathi niliyoifungua hatimaye, ile niliyoisonya. Hakimu aliridhika. Nyumba ilikuwa imeshauzwa, na wifi alikuwa amehamia chumba kimoja na wanawe. Hajapata nyingine kwa bei ile.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Mtoto mdogo wa marehemu alinipokea stendi ya Namanyere, akaniamkia shikamoo, akachukua mfuko wangu. Njiani alisimama mbele ya nyumba yenye bati jekundu. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanika ulezi uani.

"Shangazi," mtoto alisema, "ile ndiyo ingekuwa yetu."

Hakimu aliponiuliza ya watoto ni ipi, nilishindwa kumwonyesha. Mtoto aliinyooshea kidole ile nyumba.