Nyumbani Kabisa

Nilikwenda Kericho kupiga picha za baridi. Walimu wenzangu pale shuleni, karibu na Sotik, walinicheka sana. Mtu anatoka kwenye baridi, anapanda gari kwenda kwenye baridi zaidi, tena likizo ya Agosti, kuwapiga picha watu asiowajua? Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimenunua kamera kwa mwalimu mmoja aliyehamia Nairobi, na picha za kwetu zilikuwa zimenichosha, watu wamesimama wima mbele ya maua kama wanaimba wimbo wa taifa. Nilitaka watu ambao hawajajiandaa.

Nilifikia kwa shangazi yangu. Kwa siku tatu nilizunguka mjini tangu ukungu wa asubuhi hadi mvua ya mawe ya alasiri. Nilimpiga picha mzee wa kabuti aliyesimama nje ya bucha akisoma gazeti lililofungiwa nyama yake, akiligeuza taratibu ili amalize habari. Niliwapiga picha wachuma chai wawili wakigawana hindi moja la kuchoma, mvuke ukiwatoka midomoni. Nilimpiga picha mama mmoja akifagia mawe ya mvua mlangoni pa duka huku akiyatukana kama kuku wa jirani. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijiona mjanja sana, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

Siku ya tatu filamu ilikuwa imebakiza picha nne. Kwenye veranda ya duka moja la nguo alikaa mama anayefuma sweta za shule. Alikuwa amevaa glavu zilizokatwa ncha ili vidole vifanye kazi, na uzi mwekundu ameutia ndani ya gambuti kuukuu lililosimama kando yake, usimtoroke. Vidole vilikwenda mbio wakati macho yake yakitazama barabara. Nikainua kamera nikabonyeza. Akageuka.

"Kijana, umenipiga picha ya nini?"

"Nimebiga tu, mama," nikasema. "Bicha ya kawaida."

Sisi Wakipsigis p na b, hata s na z, hututatiza tukisema haraka, na siku zote ni jambo la kuchekesha. Yeye hakucheka. Aliweka sindano zake za kufumia mapajani akanitazama viatu, kisha uso.

Ulikuwa mwaka wa kuelekea uchaguzi, na katika sehemu zetu watu wa makabila mengine walikuwa wameanza kufukuzwa mashambani na vijana wa kwetu, nyumba zao zikichomwa. Nilijua. Kila mtu alijua. Nilikuwa nimejiambia tu kwamba hayo ni mambo ya wanasiasa, nami nimeshika kamera, sikushika upinde.

Basi nikataka kumtuliza. Nikatumia heshima niliyofundishwa tangu utotoni. Kwetu, ukikutana na mtu usiyemjua, unamwuliza nyumbani kwao ni wapi. Ni njia ya kumtafutia undugu. Huenda mama yako ameolewa kutoka upande wao, huenda mlisoma shule moja, na hapo mazungumzo yanapata moto.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

"Hapa," akasema. "Nyumbani ni hapa Kericho."

Nikacheka kidogo, kwa utani, jinsi tunavyocheka. "Hapana, mama. Nyumbani kabisa?"

Rangi ilimtoka usoni. Sijui niiseme vipi ili isionekane nimeongeza chumvi. Alivuta uzi kutoka kwenye gambuti, akaanza kuukunja ovyo.

"Watoto yangu wote wamezaliwa hapa," alisema. "Hata wanaongea kama wewe. Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu amenituma!"

"Kule shamba tulikuwa, alikuja kijana msafi hivi hivi, na daftari. Akauliza hivyo hivyo. Nyumbani ni wapi." Akachukua sweta iliyokuwa karibu kuisha, bado mkono mmoja, akaninyooshea. "Chukua hii. Nipe hiyo filamu."

Nilikasirika. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mimi, mwalimu, nafananishwa na wachoma nyumba! Na filamu ile ilikuwa na mzee wangu wa gazeti, wachuma chai wangu, siku zangu tatu za kulowa. Nilimwambia kwa sauti ya darasani kwamba mimi si mtu wa aina hiyo, nikamwacha ameninyooshea sweta. Sikugeuka. Mvua ilinikuta kabla sijafika kwa shangazi, na niliifurahia kwa sababu ilinipa kitu kingine cha kulalamikia.

Niliporudi kwetu na picha zikatoka studio, yake ilizidi zote. Uso wake kabla hajanigundua ulikuwa umetulia, mtu aliyezama katika kazi yake. Niliitazama siku nzima hadi hasira ikanitoka, nikaona nilichomfanyia. Nikaitia kwenye bahasha pamoja na negativu yake, kile kipande cha filamu chenye uso wake, nikarudi Kericho wiki hiyo hiyo nimempangia maneno ya kuomba msamaha.

Veranda ilikuwa tupu. Mwenye duka, mtu wa makamo wa kwetu, alikuwa akipanga nguo. Nilipomwuliza juu ya mama wa sweta akatikisa kichwa.

"Ameenda na watoto wote. Nilimwambia akae, huyo mama ni mtu msuri sana, lakini akafunga vitu."

"Lini?"

"Hiyo siku ulikuja na kamera. Alikuja kwangu analia, ananiuliza kama nakujua. Mimi nakujua, si nimekuona kwa shangazi yako? Nikamwambia asiogope. Nikamwambia, huyo ni kijana wetu."

Alinitazama kama mtu anayesubiri ashukuriwe. Mdomo ulinijaa maneno, nikataka kumfokea, kumwambia kwamba ni yeye aliyemfukuza. Lakini hakuwa amedanganya hata neno moja.