Bakuli la Bibi Lenye Tundu

Mwanangu ndiye aliyeliona kwanza. Tulikuwa kwenye uwanja mkubwa wa Padova, mji wa kale wa Italia ambako kazi ilinileta kwa mafunzo, na Jumapili ile watu walikuwa wamepanga chini vitu vyao vikuukuu: saa zilizokufa, picha za watu wasiojulikana, funguo za milango ambayo haipo tena. Katikati yake lilikuwapo bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa bluu na ua jekundu. Binti yangu alilishika, akaligeuza, akalitazama kitakoni. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta tundu.

Baridi ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa, ndugu yangu, lakini mimi nilisimama pale nikisikia harufu ya moshi wa korosho.

Nimekulia Visiga, Kibaha, kwa wazazi watumishi wa serikali ambao walitoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi wamechoka. Shule zikifungwa nilipelekwa Kibuta, Kisarawe, kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na bakuli kama lile, na hakula katika chombo kingine. Asubuhi lilikuwa la uji, mchana la mihogo ya nazi, na jioni alitia humo korosho tulizochoma na kubangua wenyewe, vidole vyetu vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Mimi aliniita mke mwenza. Alisema tutagawana kuku, shamba na hata mume aliye kaburini, lakini bakuli lake nisiliguse.

Huyo mume, babu yangu, alikuwa nyuma ya mikorosho pamoja na wazee wengine, na kaburi lake lilikuwa la kikombe cha kijani. Ndivyo tulivyowajua wafu wetu. Mtu akifa, chombo alichozoea kulia au kunywea kilitobolewa kwa msumari, asije mpita njia akakitamani, kisha kilifukiwa nusu upande wa kichwani. Hakuna jina lililoandikwa popote. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya kuanza kufunga, mimi na bibi tulikwenda kufagia. Yeye alishika fagio la chelewa, mimi nikabeba ndoo ya maji, na alinitambulisha kwa kila mmoja. Huyu wa sahani ya maua ni mama yangu, mwamkie. Huyu wa birika ni shangazi, alikuwa mkali, usimzoee. Nami nilisema shikamoo kwa birika, na bibi akaitikia marahaba kwa niaba ya shangazi, kwa sauti nene ya kununa, mpaka nikashindwa kujizuia kucheka. Sikuwahi kuyaogopa makaburi yale.

Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuipenda desturi hiyo. Siku moja alimsimamisha bibi njiani, akamweleza kwa upole kwamba vyombo havimsaidii maiti, kinachomsaidia ni dua. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwenyezi Mungu anajua kila mtu alipolala, mwalimu,” alisema. “Ninayesahau ni mimi. Niachie kikombe cha mume wangu.”

Mwalimu alicheka, akapita zake.

Bibi alipougua tulimleta Visiga ili awe karibu na hospitali ya Tumbi. Alikuja na bakuli lake limefungwa ndani ya kanga. Malori ya barabara ya Morogoro yalimkera; alisema huku mtu hata kufa hawezi kufa kwa utulivu. Aliniambia wakimrudisha Kibuta nihakikishe bakuli linakwenda naye, maana mama yangu akilipenda atalifanya la sukari. Tulicheka wote wawili. Wiki ile ile akafariki, tukamrudisha Kibuta.

Wanaume walikwenda kuzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo kwetu. Kazi niliyopewa ni msumari na jiwe. Nililitoboa bakuli uani huku nalia, mjomba akalibeba. Kesho yake nilipokwenda kumzuru sikuhitaji kumuuliza mtu alipo. Lile ua jekundu nililiona kutoka mbali.

Mwaka huu, kabla ya kusafiri, nilimpeleka binti yangu Kibuta. Jina lake ni la bibi, na nilitaka akamwamkie kama nilivyofundishwa mimi. Mikorosho michache bado ipo. Chini yake tulikuta nyasi, na matuta ya udongo yaliyolainishwa na mvua, yote sawasawa. Hapakuwa na kikombe, wala birika, wala sahani. Jirani wa bibi, ambaye sasa naye ni mtu mzima sana, alitukuta tumesimama. Alisema walipita vijana wanaokusanya skrepa, vyuma chakavu vya kuuza, na siku hizi hawaachi hata kijiko.

“Sisi tulidhani kikishatobolewa hakuna atakayekitaka,” aliniambia. “Kumbe wao, mwanangu, hawakuwa wanataka cha kulia.”

Mjomba aliyelibeba bakuli naye amelala humo humo, na yeye pia hatujui ni wapi. Nilizunguka kati ya matuta yale mpaka mtoto akaanza kuchoka. Tuliondoka bila kumwamkia mtu.

Asubuhi ya siku ile ya soko, kule Padova, tulikuwa tumeingia kanisa moja la zamani. Sakafu yake ni makaburi, mawe yaliyochongwa majina, na wageni wanayakanyaga huku wakipiga picha. Binti yangu hakuyakanyaga. Aliyazunguka akisoma herufi moja moja, kisha akauliza hawa wanajulikanaje mpaka leo. Nilimwambia wameandikwa. Akauliza, na bibi? Nilimshika mkono nikamwambia twende tukanywe chokoleti ya moto. Nilikuwa na uchungu, na nilimwonea wivu kila mtu aliyelala chini ya sakafu ile.

Ndiyo maana alipolikamata bakuli lile hakutaka kuliachia.

“Halina tundu, mama,” alisema. “Tukifika nyumbani tulitoboe, tumpelekee.”

Nililinunua. Sasa liko juu ya meza ya chumba tulichopanga, na nguo zetu ziko kwenye begi, tunarudi Kibaha. Msumari hautanisumbua kuupata. Kila nikiliangalia najiuliza nitalifukia kwenye tuta lipi, na mtoto anaamini kwamba najua.

Jioni hii, kabla sijalifunga ndani ya kanga, alilisogelea, akainamisha kichwa kidogo, akasema, “Shikamoo, bibi.” Kisha akanitazama, anangoja.

Nilijaribu kuitoa ile sauti nene ya kununa, haikutoka. Niliitikia marahaba kwa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kumwitikia.