Sakafu Ikauke Kwanza

Mlinzi ndiye aliyembandika jina la Mama Sakafu, likamganda. Kila asubuhi, kabla ofisi ya ustawi wa jamii haijafunguliwa, alikuwa ameshapiga deki korido nzima, kutoka mlangoni hadi kwenye benchi la wenye shida. Shule hakuisogelea. Lakini kadi kumi za namba alizijua kwa sura, na yeye ndiye aliyezigawa. Mwenye kadi anaonwa na afisa, asiyekuwa nayo arudi siku nyingine. Kazi hiyo hakupewa na mtu, ilimwangukia tu. Akaishika kwa mikono miwili, maana hajawahi kuombwa kitu na watu maishani mwake.

Alhamisi hiyo kulikuwa na shauri la mtoto. Mwuza mkaa alikaa upande mmoja, mwanamke mkondefu, miguu yake imeshika weusi usiotoka kwa sabuni. Upande wa pili alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, kavaa kapendeza. Katikati yao binti wa miaka sita. Shangazi mtu alimchukua wakati wa msiba, kwa wiki moja tu, na sasa ulikuwa mwezi wa nane hataki kumrudisha. Afisa alikuwa msichana mgeni, hajamaliza wiki mbili pale, na hawa aliwaita ndani mwenyewe, bila kadi. Mama Sakafu aliwaletea kiti cha nyongeza, kisha akabaki mlangoni akijifanya anafuta kitasa.

"Faili linasema uliitwa mara tatu, mama," afisa alisema. "Mara zote tatu hukufika. Aliyekuwa hapa kabla yangu amependekeza mtoto abaki kwa shangazi yake. Nikitia saini leo, ndiyo basi."

"Nilikuja," mwuza mkaa alisema.

"Angekuja angeonekana," wifi akadakia. "Namjua huyu. Mtoto kwake ni kama gunia, akilisahau mahali wala halimsumbui."

"Gunia sijasahau hata moja, wifi. Sembuse mtoto."

Afisa akaweka kalamu chini. "Ulikuja ukaishia wapi?"

Mwuza mkaa akaitazama miguu yake. "Hapo nje."

Basi. Hakumtaja mtu, wala hakugeuka mlangoni. Mama Sakafu akaacha kufuta kitasa.

Alizikumbuka mara zote tatu. "Sakafu ikauke kwanza," ndivyo alivyomwambia, kwa sababu miguu ile ingeharibu kazi ya saa nzima. Wenye viatu safi aliwapitisha kandokando ya ukuta, akawapa kadi. Sakafu ilipokauka, kadi zilikuwa zimekwisha. Mara ya tatu akamtania mbele za watu: "Umekuja kumwona afisa, au kutupakia korido rangi?" Benchi zima likacheka. Mlinzi alishika mbavu. Mwuza mkaa naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeogopa kufukuzwa, kisha akaenda zake.

Kicheko kile Mama Sakafu alikijua vizuri. Miaka ishirini na miwili nyuma alikicheka yeye, amesimama kwenye dirisha la ofisi nyingine. Mumewe alikuwa ameleta mke mwingine, na ndugu zake wakamnyang'anya mwanawe. Siku tatu karani alimwambia rudi kesho. Siku ya nne akasomewa karatasi kwamba mama wa mtoto hakujitokeza. Mwanawe akakua akimwita mama mtu mwingine, na siku hizi wakikutana njiani humwamkia kama anavyowaamkia wapita njia wote. Miaka yote hiyo Mama Sakafu amemlaani karani yule. Akikamua dekio anamlaani, akilala anamlaani. Kumbe karani hakwenda mbali.

Angenyamaza, nani angejua? Mlinzi asingesema. Na kazi ndiyo hiyo moja aliyokuwa nayo.

Afisa akaokota kalamu.

"Alikuja," Mama Sakafu alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Huyu mama alikuja mara tatu. Mimi nilimzuia."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu ya kujisitiri, hakuipata. "Miguu."

"Leo mfagiaji naye ni shahidi?" wifi akauliza.

"Ni shahidi," afisa alisema. Akapiga mstari kwenye faili, akaandika, kisha akamsomea Mama Sakafu taratibu: alifika mara tatu, akazuiwa na mfanyakazi wa ofisi hii. "Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo."

Akatia dole gumba. Afisa akawageukia wale wawili, akasema hatatia saini. Jumatatu atazitembelea nyumba zote mbili, na mtoto mwenyewe atamsikiliza. Mama Sakafu akadhani yameisha, akainua ndoo.

"Na wengine, mama?" afisa akamwuliza, bila ukali. "Wangapi wengine mafaili yao yanasema hawakufika?"

Ukali angeuvumilia, ameuzoea. Swali lile la upole hakulizoea. Alimwona mzee wa magongo yenye ncha za matope. Akamwona binti aliyebeba kichanga kinachoharisha, yule aliyemwambia akakae kwenye ngazi. Nyuma yao walikuwepo wengine, sura zao hata hakuzishika.

"Sijui," alisema. "Wengi."

Walipotoka alimfuata mwuza mkaa koridoni. "Mdogo wangu, nisamehe."

Mwuza mkaa hakusimama. "Jumatatu afisa anakuja kwangu, dada. Acha niwahi nikafagie."

Akaondoka kandokando ya ukuta, kwa ncha za vidole, akiangalia asikanyage katikati. Na sakafu ilikuwa imekauka tangu asubuhi.