Mlima Mkubwa au Kilima Chenye Madirisha

Wiki iliyopita, kazini Jeffersontown, mwenzangu alinisogezea simu yake wakati wa mapumziko akaniomba nimchagulie. Sehemu mbili za kuteleza kwenye theluji, likizo moja, na watoto wake hawaelewani. Nikazitazama picha. Huku mlima mkubwa wenye njia zinazopotelea msituni. Kule kilima kifupi, na chini yake jengo la kupumzikia, vioo vitupu. Nikamuuliza, "Mama mkwe anakuja?" Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kabisa.

Kaa basi nikueleze, maana picha zile zimenirudisha Buffalo, mtaa wa Riverside, kama mwaka elfu mbili na kumi na tano hivi, nikiwa na miaka kumi na moja na siwezi kutulia kwenye kiti.

Tulikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Mabomba ya joto yaligonga kama kuna mtu kafungiwa ndani. Jumamosi mama alinichukua Grant Street kununua sombe, yaani majani ya muhogo, iliyogandishwa, na samaki wakavu, akabishana bei na mwenye duka mpaka wote wawili wakafurahi. Mimi nilibeba mfuko na kusoma mchezo; shule yangu ya kweli ilikuwa pale. Asubuhi kazi yangu na kaka yangu ilikuwa kukwangua barafu kwenye ngazi na kumwaga chumvi. Kwa hiyo mwalimu alipotuambia wako watu wanaolipa ili wakacheze kwenye theluji, niliona wamepungukiwa. Halafu akatuonyesha video. Tangu siku ile usingizi wangu ukaharibika.

Sasa kuna Koko. Koko ni mama yake mama, na ndiye aliyenilea kwenye kambi ya wakimbizi. Mkeka wetu ulikuwa mmoja. Ndege yake ilimpeleka Louisville kwa mjomba, yetu ikatuleta Buffalo. Waliotupanga hawakuuliza nani analala na nani. Tangu hapo nilimwona kwenye simu tu, tena paji la uso, kwa sababu hakuwahi kujua kamera iko upande gani.

Mwaka ule wakubwa waliamua Noeli tukutane, na watoto tuonjeshwe theluji ya kuchezea. Karibu na Buffalo ulikuwepo mlima mkubwa. Kilima kilikuwa nje ya Columbus, alikokaa mama mdogo, katikati ya safari yetu na ya mjomba. Mjomba alisema wazi: mgongo wa Koko unafika Columbus, Buffalo haufiki. Tukichagua mlima, Koko anabaki Louisville.

Mama na mama mdogo walitaka kilima. Baba alitaka mlima, na kaka akawa upande wa baba. Mjomba alisema popote sawa, kura isiyosaidia mtu. Nilizihesabu mara mbili, zikagoma kubadilika. Yangu mwenyewe ilikuwa inanichoma mfukoni: nilimtaka Koko, na mlima nao niliutaka.

"Bon, teluji ya Columbus ni ya mashine," baba alisema, Kifaransa chake kikitangulia kama kawaida. "Ni kama kulisha mugeni ugali ya juzi."

"Weye tangu lini unajua teluji?" mama akamjibu. "Jana umeangukia mu ngazi na chumvi mu mukono."

Baba akaficha mkono chini ya meza. Ndani yangu Koko alikuwa ameushinda mlima, nikafungua picha za kilima kwenye kompyuta ya shule nimshawishi baba. Hakuutazama mteremko hata kidogo. Aliweka kidole kwenye yale madirisha.

"Hapa wanakaaka banani?"

"Wasioteleza. Wanakunywa chai wanaangalia."

"Donc, kila mutu anaonekana."

Hapo nikaelewa. Kwetu mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hanyooshi miguu mbele yake. Akimwona njiani anahama upande. Sasa mfikirie baba amelala chali, mbao za kutelezea zimempa kwaheri, na mama mkwe yuko nyuma ya kioo na kikombe cha chai. Na kubaki ndani kusingesaidia: ndani ndimo angeshinda naye chumba kimoja kutwa nzima. Kule mlimani angeanguka msituni, kwa amani.

Jambo kama hilo halisemwi. Nikampigia Koko nikazunguka mbali. "Koko, mahali pa kukaa, unapenda kuangalia dirisha ao ukuta?"

Nikasikia kile kicheko chake cha kifuani.

"Ambia baba yako macho yangu haipendi mwangaza ya teluji. Mi nitapatia dirisha mugongo."

Baba aliutafuna ujumbe ule chakula chote cha jioni. Akanawa mikono, akasema, "Bon. Columbus."

Siku yenyewe Koko aliingia na kitenge juu ya koti, akanishika uso kwa mikono miwili, akageuza kiti chake kielekee ukutani, akakaa. Mhudumu mmoja, mtu wa heshima zake, akaja kumgeuzia kiti apate mandhari. Koko akamshukuru na kukirudisha. Wakashindana hivyo mpaka mhudumu akachoka. Mama akafungua vyungu, sombe ikanukia chumba kizima, majirani wa meza wakaanza kutabasamu.

Nje, baba alishuka kama mzigo wa majani uliokatika kamba. Nilipoingia kupasha vidole, Koko akauliza akitazama ukuta, "Mukwe wangu anaendelea aje?"

"Anateleza muzuri, Koko."

Wakati huohuo baba akapita nyuma yake, nje ya kioo, amekalia makalio, mbao zikimfuata kwa mbali. Mama na mama mdogo wakauma vitenge vyao.

"Namna munacheka," Koko akasema, "naona anaweza sana."

Nikamnong'oneza kwamba na mimi hataniona. Alikuwa amekuja barabara yote ile kwa ajili yangu. Akasogeza kiti cha pili karibu na chake. "Kila ukishuka, kuya uniambie." Kwa hiyo nilishuka, nikaingia, nikasimulia, nikatoka tena. Kilima kikawa kinakua. Kufika alasiri kilikuwa kirefu kuliko milima ya kwetu, na Koko aliikubali kila hatua yake bila kuomba punguzo.

Koko tulimzika Louisville. Juzi, kwenye harusi Columbus, bwana harusi aliteleza akicheza, na mama mkwe wake akamrekodi, akarusha kwenye kundi la familia kabla hajasimama. Tulicheka wote, naye akacheka. Hakuna aliyeumia. Ila niliuzungushia macho ukumbi mzima, viti vyote vile, na kila kimoja kilikuwa kimemwelekea.

Baba bado anasema siku ile alianguka mara moja tu. Hatumbishii.