Pedi ya Elkana

Mogesi alitoka Kenyamonta mwaka ule mashimo ya nje ya Nyamongo yalipoanza kutema dhahabu. Hakushuka shimoni hata siku moja. Alikuja na televisheni mbili, mashine mbili za gemu na pedi nne za kuchezea, za elfu kumi na tano kila moja, akafungua kibanda cha mabati mahali wachimbaji wanapopita wakitoka kazini. Miaka miwili alikuwa peke yake, akaanza kuona kuwa wateja ni wake kwa haki.

Kisha Elkana, Mjaluo wa Sirari, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Mogesi hakujali, mpaka Akech, dada yake Elkana, alipomletea kaka yake pedi moja kutoka Migori. Ilikuwa nyeusi, haina waya, ina vitufe viwili vya ziada mgongoni, na mpira ukigonga nguzo ya goli ilitetemeka mkononi. Bei yake laki moja na themanini.

Haikupita wiki, Heche akahamia ng'ambo. Heche alikuwa mchimbaji, na yeye na Mogesi walitahiriwa mwaka mmoja, wakaitana mura, yaani kijana mwenzangu. Wengine kuhama kulimkera Mogesi. Rika lake kuhama kulimnyima usingizi. Alimkuta kwa Boke, muuza chai.

"Mura, laki na themanini! Kwa pesa hiyo unapata ndama."

"Ndama wako wa elfu kumi na tano hatoki kambani," Heche alijibu, watu wakacheka.

"Vile vitufe vya mgongoni umewahi kuvibonyeza?"

"Bado."

"Na huo waya wa pedi zangu. Unakaa hatua mbili kutoka kwenye televisheni. Usipokuwa na waya utakwenda wapi, kuchunga?"

"Siendi popote."

"Sasa unalipia nini?"

Heche alifungua viganja vyake juu ya meza. Vilikuwa vigumu kama nyayo.

"Hii mikono imeshika tindo miaka tisa. Pedi yako nikiibonyeza, sijui kama nimebonyeza. Kule chini tunaujua mwamba kwa jinsi nyundo inavyojibu mkononi. Ile ya Elkana inajibu."

"Ushamba tu."

"Mogesi," Boke alisema huku akimimina chai, "wivu wako ungekuwa kuni, ningechemsha mwezi mzima."

Kesho yake mchana Mogesi alivuka barabara.

"Omera, ndugu yangu, karibu!" Elkana alimpokea. "Leo mwenye duka ananunua kwa jirani?"

"Nimekuja kuona hiyo laki na themanini imekaa wapi."

Elkana, mtu asiyejua kuficha furaha, akampa pedi pamoja na karatasi ya maelezo ambayo mwenyewe hakuwahi kuikunjua. Mogesi aliisoma mstari kwa mstari kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili, akitafuta kasoro. Kasoro hakuiona. Aliona kwamba ukishikilia kitufe kidogo cha chini na kubonyeza mshale wa kushuka mara tatu, mtetemo unazimika; wa kupanda mara tatu, unarudi. Elkana alipogeuka kumhudumia mteja, Mogesi alishikilia, akabonyeza. Karatasi akaitia mfukoni.

Siku nne baadaye wachimbaji walikuwa wakinung'unika kwamba pedi imekufa ganzi, na nusu yao wamerudi kwa Mogesi. Siku ya tano Elkana mwenyewe alivuka barabara, pedi ameifunga kwenye kitambaa.

"Kaka, wewe ndiye mzoefu. Hebu iangalie. Akech akijua, atalia."

Mogesi aliigeuzageuza. Mshale wa kupanda ulikuwa chini ya kidole gumba chake.

"Injini yake imeungua," alisema. "Hizi haziponi. Nikupe elfu thelathini, niitumie kwa vipuri."

Elkana alizipokea, akamshukuru.

Basi pedi ikawa yake. Lakini kila jioni Elkana alipita kuuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" na Mogesi akajibu kwamba yuko vilevile. Heche aliichezea mara moja, akairudisha mezani.

"Isipotetemeka, afadhali ile ya elfu kumi na tano. Angalau ni nyepesi."

Jumamosi, Elkana akiwa kanisani kwake kwa Wasabato, Mogesi alifunga mlango kwa ndani. Akashikilia kitufe kidogo, akabonyeza mshale wa kupanda mara tatu, akacheza peke yake. Alipiga shuti, mpira ukagonga nguzo, na pedi ikamjibu viganjani mpaka kwenye viwiko. Akapiga tena makusudi kwenye nguzo. Akapiga tena.

Mlango ukagongwa.

"Mura, nasikia gemu linalia humo," ilikuwa sauti ya Heche. "Fungua tucheze."

Mogesi aliuzima mtetemo wa pedi kwanza, ndipo akafungua.